Nani Amesaini? Maswali ya Wanabendi wa Roki Kuhusu Mikataba ya Lebo

Mwezi huu tumeutenga ukurasa wote wa maswali kwa wanabendi wa roki, kwa kuwa barua tano kati ya zilizotufikia zinagusa jambo moja: lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, imekuja na mkataba, na bendi haijui ianze kuusoma wapi. Majina tumeyaficha. Majibu haya hayachukui nafasi ya wakili atakayeishika karatasi yenyewe mkononi. Mifano mingi nimeitoa Uingereza, si kwa kuwa kule wana akili kutuzidi, bali kwa sababu ugomvi wa bendi zao ulifika mahakamani na hukumu zake zinasomeka, ilhali ugomvi wa bendi zetu kwa kawaida huishia kwenye vikundi vya WhatsApp.

Hujambo Mshauri. Sisi ni wanne na tunapiga roki hapa Nairobi, huu ni mwaka wa sita. Lebo moja imetuletea mkataba ulioandaliwa usainiwe na mwimbaji na mpiga gitaa peke yao, kwa kuwa wao ndio wanaotunga nyimbo. Mimi na mpiga besi tumeahidiwa kwa mdomo asilimia kumi kila mmoja, na wao wachukue arobaini kila mmoja. Sikukataa wala sikukubali. Nilinyamaza ili mazoezi yaendelee. Je, kimya changu kimeshanifunga? — Mpiga dramu, Nairobi

Sijambo, ndugu yangu. Mgao ulioutaja umenishtua kidogo, maana ndio uleule uliofikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya London mwaka 1996, na aliyeupeleka huko alikuwa mpiga dramu kama wewe.

Bendi ya The Smiths ilianzishwa Manchester mwaka 1982 na ikavunjika mwaka 1987. Mkataba wao na lebo ya Rough Trade ulikuwa na saini mbili tu za wanabendi, ya mwimbaji Morrissey na ya mpiga gitaa Johnny Marr, ambao pia ndio waliokuwa watunzi. Mpiga besi Andy Rourke na mpiga dramu Mike Joyce hawakusaini. Mapato ya rekodi na maonyesho yakawa yanagawanywa arobaini, arobaini, kumi na kumi. Baada ya bendi kuvunjika, wawili hao walidai haki yao. Rourke, ambaye madeni yalikuwa yamembana, alikubali mwaka 1989 kumaliza shauri kwa pauni 83,000 pamoja na kuendelea kupokea asilimia kumi yake. Joyce alikataa, akangoja.

Hukumu iliyotolewa na Jaji Weeks mwezi Desemba 1996 ilimpa ushindi. Hoja iliyombeba ilikuwa nyepesi kuliko watu wanavyodhani: watu wanaofanya biashara pamoja kwa ajili ya faida ni wabia, na Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890 inasema kwamba wabia wasipokubaliana vinginevyo, hugawana faida sawasawa. Wenzake hawakuweza kuiridhisha mahakama kwamba Joyce aliwahi kuukubali mgao wa asilimia kumi. Kwa hiyo alistahili robo, na malimbikizo yake yalikadiriwa kufikia kama pauni milioni moja. Morrissey alikata rufani, akashindwa mwaka 1998.

Kwa hiyo, kwa kipimo cha kesi hiyo, kimya chako peke yake hakijakufunga. Kenya nayo ina Sheria yake ya Ubia ya mwaka 2012, ambayo mizizi yake imo katika sheria hiyohiyo ya Kiingereza, na wakili wako atakueleza inasemaje juu ya bendi isiyoandikiana kitu. Lakini nakusihi usiishangilie habari hii upesi. Joyce alingoja zaidi ya miaka kumi tangu bendi ivunjike hadi rufani imalizike, na alishinda kwa sababu wenzake hawakuwa na ushahidi. Wenzako, wakisoma ukurasa huu, watautafuta. Kila mwezi unaopokea asilimia kumi bila kusema neno, huku taarifa ya hesabu ukiwa nayo mkononi, unawasaidia kuupata. Andika leo, hata kwa ujumbe wa simu wenye tarehe, kwamba mgao huo hujaukubali na kwamba unataka mzungumze.

Kuna jambo la pili ambalo kesi hiyo haikuligusa kabisa, na hapa ndipo wapiga dramu wengi hupotea. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani sauti ya wimbo na maneno yake, ambayo ni ya aliyetunga. Ya pili ni rekodi, ile masta iliyotoka studio, ambayo kwa kawaida lebo huitaka iwe yake. Joyce alipata robo ya fedha za rekodi na za jukwaani. Fedha za utunzi zilibaki kwa Morrissey na Marr, na hakuna aliyezidai. Sheria ya hakimiliki ya Kenya nayo inatenganisha haki za mtunzi, za mtumbuizaji na za mtayarishaji wa rekodi, na inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi yenye saini ya anayehamisha. Hivyo wenzako wana haki ya kusema kwamba wao ndio watunzi, ikiwa ni kweli. Wasichoweza kufanya ni kutumia utunzi kama sababu ya kuchukua pia fedha za rekodi ambayo dramu zako zinasikika tangu sekunde ya kwanza.

Ni kweli pia kwamba mpaka kati ya kutunga na kupiga si mstari ulionyooka, hasa katika roki, ambako wimbo mara nyingi huzaliwa chumba cha mazoezi kutokana na pigo moja la besi. Queen, bendi nyingine ya Uingereza, waliliona hilo wakiwa wamechelewa. Mwaka 1975 walipotoa «Bohemian Rhapsody» kama santuri ya nyimbo mbili, upande wa pili ulikuwa na wimbo wa mpiga dramu wao, Roger Taylor, na kwa kila nakala iliyouzwa mtunzi wa upande ule ambao watu hawakuununua alilipwa sawa na mtunzi wa upande walioununua. Mambo kama hayo huleta ugomvi wa wimbo wa nani uingie kwenye albamu. Kuanzia albamu yao ya mwaka 1989, nyimbo zote zikaandikwa kwa jina la bendi nzima. R.E.M. wa Marekani walikuwa wakiandika nyimbo zao kwa majina ya wote wanne. Simwambii mtunzi agawe anachostahili. Nasema tu kwamba bendi zilizochagua njia hiyo hazikuwa za watu wajinga.

Nikufungie jibu lako. Kabla ya karatasi ya lebo kusainiwa, wanne nyie saini yenu ya kwanza iwe kwenye karatasi yenu wenyewe: utunzi unagawanywaje wimbo kwa wimbo, rekodi inagawanywaje, jukwaa linagawanywaje, jina la bendi ni la nani, na anayeondoka anaondoka na nini. Kisha iambieni lebo kwamba wote wanne mnasaini. Ikikataa, basi angalau pawe na barua ya maelekezo ya malipo, inayoilazimu lebo kutuma fungu lako moja kwa moja kwenye akaunti yako bila kupitia mfukoni mwa mwimbaji.

Shikamoo Mshauri. Bendi yetu ya Dar es Salaam imeahidiwa na lebo shilingi milioni 15 tukisaini, pamoja na mrabaha, yaani fungu letu la mapato ya rekodi, wa asilimia 18. Wenzangu wanataka tununue vifaa na kulipa kodi ya nyumba. Mimi nina wasiwasi, lakini siwezi kueleza kwa nini. — Mpiga gitaa, Sinza

Marahaba. Wasiwasi wako una jina: deni. Fedha hizo za kusaini, zinazoitwa malipo ya awali, si zawadi wala si mshahara. Ni mrabaha wenu wenyewe mnaopewa kabla haujazaliwa, na lebo itaukata hadi shilingi ya mwisho kabla ya kuwapa kingine. Tofauti yake na mkopo wa benki ni kwamba albamu isipouzika, kwa kawaida hamdaiwi fedha hizo mfukoni. Mnadaiwa kwenye vitabu.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme milioni 15 hizo ndizo gharama zote, studio na video zikiwa ndani yake, na rekodi yenu imeingiza milioni 50. Asilimia 18 ya milioni 50 ni milioni tisa. Hizo tisa hamzipati. Zinakwenda kupunguza deni, ambalo sasa limebaki milioni sita. Lebo kwa upande wake imepokea milioni 50, imetoa 15, imebaki na 35, na kwenye taarifa yenu ya hesabu bado mnasomeka kama wadaiwa. Deni litaisha pale mapato yatakapovuka milioni 83 na laki tatu. Sasa tubadilishe kifungu kimoja tu: gharama zikatwe kwanza kwenye mapato yote, kisha kinachobaki kigawanywe nusu kwa nusu. Kwa mapato yaleyale ya milioni 50, baada ya kutoa 15 zinabaki 35, na bendi inaondoka na milioni 17 na nusu. Rekodi ni ileile na wasikilizaji ni walewale. Ndiyo maana, bendi inapoanza kwa kuniuliza asilimia ni ngapi, huwa nawauliza kwanza asilimia ya nini, na baada ya kukatwa nini.

Kuna kifungu kingine cha kutazama, kile kinachounganisha madeni ya albamu mbalimbali. Albamu ya kwanza ikibaki na deni la milioni sita na ya pili ikapata faida, faida ya ya pili inalipa deni la ya kwanza. Ombeni kila albamu ibebe mzigo wake. Mkishindwa, angalau fedha za utunzi zisiingizwe kwenye kapu hilo.

Msidhani bendi kubwa hazikupita njia hii. Queen, bendi ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, walisaini mwaka 1972 na kampuni ya Trident, wenye studio mtaa wa Soho, London. Walirekodi albamu ya kwanza kwa kuviziavizia saa ambazo studio haikuwa na mteja wa kulipa. Trident ilikuwa meneja wao, mtayarishaji wao na msimamizi wa nyimbo zao kwa wakati mmoja, na yenyewe ndiyo iliyozipeleka rekodi kwa EMI, kampuni kubwa ya rekodi. Wanabendi wakawa wanalipwa posho ya pauni 20 kwa wiki, baadaye 60. Nyimbo zilipoanza kushika chati mwaka 1974, mashabiki waliwaona matajiri, ilhali inasimuliwa kwamba mpiga besi John Deacon aliomba fedha za kuanzia kununua nyumba akanyimwa. Waliachana na Trident mwaka 1975 kwa kukubali kuilipa pauni 100,000 na asilimia moja ya mrabaha wa albamu sita zilizofuata. Upande wa Trident nao ulikuwa na hoja yake, kwamba ulikuwa umewagharamia vijana wasiojulikana kwa miaka kadhaa, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Aliyeweka fedha anastahili kurudishiwa. Kasoro iliyokuwapo ni nyingine. Mtu aliyekuwa na wajibu wa kuwatetea Queen mbele ya kampuni ya rekodi alikuwa ndiye huyohuyo kampuni. Kwa hiyo, kama meneja wenu wa sasa ana hisa au mshahara katika lebo inayowapa hizo milioni 15, jambo hilo linanitia hofu zaidi kuliko asilimia 18.

Kuhusu kodi ya nyumba: lipeni ya miezi mitatu, fedha nyingine ziwekeni kwenye akaunti inayohitaji saini mbili.

Mshauri, mkataba tulioletewa unasema ni wa albamu moja «na hiari nne». Mwakilishi wa lebo anasema hiyo ni miaka mitano tu. Je, ni kweli? — Bendi ya watu watatu, Mombasa

Si kweli, ila kwa bahati. Hiari hizo ni za lebo, si zenu: wao wataamua kila baada ya albamu kama wanaendelea nanyi au wanawaacha, nanyi hamna uamuzi wa namna hiyo. Tena muda wenyewe kwa kawaida hauhesabiwi kwa kalenda bali kwa albamu iliyokabidhiwa na kutolewa. Lebo ikikaa na albamu yenu mwaka mzima bila kuitoa, mwaka huo haujahesabika popote isipokuwa kwenye umri wenu.

The Stone Roses, nao wa Manchester, walisaini na lebo ya Silvertone mwaka 1988. Albamu yao ya mwaka 1989 ilipokewa vizuri mno, wakataka kuondoka, na mwaka 1990 lebo ikapata zuio la mahakama lililowakataza kurekodi kwa mtu mwingine. Mwezi Mei 1991 mahakama iliamua kwamba mkataba ule hauwezi kutekelezwa kwa kuwa uliwabana kupita kiasi katika kufanya kazi yao: uliifunga bendi kwa muda usiojulikana mwisho wake, huku lebo ikiwa haina wajibu wa kutoa rekodi zao. Mahakama iliangalia pia kwamba mwanasheria aliyewashauri hakuwa mzoefu wa mikataba ya muziki. Wakahamia lebo ya Geffen. Hata hivyo albamu yao ya pili haikutoka hadi Desemba 1994, na kwa bendi ya vijana miaka mitano ni mirefu.

California wanayo sheria inayozuia mtu kufungwa na mkataba wa kazi binafsi kwa zaidi ya miaka saba, ambayo bendi ya Metallica iliitumia kuishtaki lebo yake, Elektra, mwaka 1994 kabla ya kupatana nayo. Lakini hata huko, lebo inaruhusiwa kudai fidia ya albamu ambazo hazikukabidhiwa. Bendi ya Thirty Seconds to Mars ilishtakiwa na lebo yake mwaka 2008 kwa dola milioni 30 kwa sababu hiyo, ndipo wakaelewana mwaka uliofuata. Msitegemee sheria ya California iwaokoe Mombasa. Ombeni hiari zipunguzwe hadi mbili, pawe na tarehe ya mwisho isiyosogezwa na kitu, na pawe na kifungu kinachosema kwamba albamu isipotolewa ndani ya miezi fulani tangu ikabidhiwe, mnaondoka nayo. Eneo la mkataba pia lisomeni. Siku hizi lebo nyingi huandika ulimwengu wote, sayari nyingine zikiwemo, hata kama msambazaji wao wa mbali kabisa yuko Nakuru.

Mpiga besi wetu anataka kuondoka na anasema jina la bendi ni lake kwa kuwa yeye ndiye aliyelibuni. Lebo nayo inasema bado imemshika. Nani yuko sahihi? — Arusha

Huenda mpiga besi amekosea na lebo iko sahihi. Kubuni jina si sawa na kulimiliki; jina hupata thamani kwa kutumiwa na bendi nzima, na bila makubaliano ya maandishi kila mmoja wenu anaweza kulidai. Roger Waters alipoondoka bendi ya Pink Floyd mwaka 1985 aliona kwamba bendi imekwisha, akaenda mahakamani mwaka uliofuata kuzuia jina hilo lisitumike. David Gilmour na Nick Mason waliendelea nalo, na mwezi Desemba 1987 pande mbili zikapatana: jina likabaki kwa wawili hao, Waters akabaki na haki za albamu ya «The Wall».

Kuhusu madai ya lebo, someni kifungu cha mwanabendi anayeondoka. Karibu kila mkataba wa bendi unacho. Kwa kawaida kinaipa lebo haki ya kumshika aliyeondoka kwa kazi zake za peke yake, na ya kuwashika waliobaki kwa wakati huohuo. Jambo la kupigania ni deni: anayeondoka asibebe madeni ya albamu ambazo hatakuwemo, nanyi msibebe ya kwake. Kama mkataba umenyamaza juu ya hilo, mpatane sasa kwa maandishi, wakati bado mnasalimiana.

Binti yangu ana miaka 17 na anapiga gitaa katika bendi ya wasichana. Lebo inataka baba yake na mimi tusaini kwa niaba yake. Je, tusaini? — Mama, Tanga

Mama, kuwataka wazazi si hila, ni utaratibu wa kawaida. The Beatles waliposaini mkataba na meneja wao Brian Epstein mwezi Oktoba 1962, Paul McCartney na George Harrison walikuwa hawajafikisha miaka 21, umri wa utu uzima wa Uingereza wa wakati ule, hivyo baba zao waliweka saini pamoja nao. Huko Tanga umri ni miaka 18, na bintiyo ameukaribia. Kama lebo kweli inampenda, itangoja siku yake ya kuzaliwa ipite, asaini mwenyewe akiwa na wakili wake kando. Ikisisitiza kwamba ni sasa au basi, iulizeni ni kitu gani kitakachoharibika katika miezi hiyo michache. Na wakili aliyependekezwa na lebo, ambaye ada yake inalipwa na lebo, mkaribisheni chai, lakini karatasi mpelekeeni mwingine.